Herufi Hutangulia

Tahadhari ilikuwepo. Hilo ndilo lililomkosesha mpelelezi raha tangu alipoingia.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katika chumba cha benki ya damu cha hospitali kubwa. Ghorofa moja juu yake, kwenye wodi ya wazazi, mwanamke kijana alikuwa amefunikwa shuka gubigubi. Asubuhi alijifungua mtoto wa kike, akatokwa na damu nyingi, akaongezewa damu, na mwili wake ukaikataa damu hiyo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Mtoto alikuwa hai, na kilio chake kilisikika hadi huku chini.

"Mimba yake ya kwanza iliharibika," muuguzi wa benki ya damu akaeleza. Macho yalikuwa yamemvimba. "Akaongezewa damu wakati ule, na tangu hapo mwili wake haukubali damu ya kawaida. Ndiyo maana aliandikiwa tahadhari: apewe ile iliyotengwa tu."

"Na wewe ukatoa ya kawaida."

"Niliuliza mashine, afande. Iliniambia hana tahadhari."

"Nioneshe ulivyouliza."

Muuguzi akaandika namba ya marehemu kwenye kibodi. Akina mama wajawazito namba zao zilianza na herufi. Wagonjwa wengine wote, ambao ndio wengi, zilianza na tarakimu. Skrini ikajibu palepale: HAKUNA TAHADHARI.

"Sasa tazama huku." Muuguzi akafungua faili zima la tahadhari, badala ya kuuliza namba moja. Hakuhitaji kushuka sana. Jina la marehemu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, na tahadhari yake pembeni, haijaguswa.

Mpelelezi alitazama skrini kwa muda. Kituoni walimwita Mama Taratibu, kwa kuwa swali moja aliweza kulirudia mara tatu, kila mara kama hajawahi kuliuliza. Wenye haraka zao walimcheka, lakini kesi zilizowashinda walimletea yeye.

"Kitu kipo, na anayekitunza anasema hakipo," akasema. "Angekuwa mtu, tungesema anadanganya."

"Mashine haidanganyi, afande."

"Basi kuna mtu anayedanganya kwa kinywa chake."

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa na jibu tayari, na jibu lililo tayari mpelelezi hakulipenda hata siku moja.

"Ni mume wake," Mkurugenzi akasema kabla mgeni hajakaa vizuri. "Anafanya kazi hapahapa, kwenye kompyuta. Programu ya tahadhari iko mikononi mwake. Na ameshakiri. Alipoambiwa mkewe amefariki, alisema mbele yetu sote: mimi ndiye niliyemuua. Vijana wako wamemchukua."

"Programu hiyo ni ya namna gani?"

Mkurugenzi akashusha pumzi, kama mtu aliyechoka kueleza jambo hilohilo kwa wageni. Programu za hospitali, akasema, ziliandikwa zamani, wakati yeye mwenyewe bado anavaa kaptula za shule. Zilielewana na mashine moja tu, iliyoko chini kabisa ya jengo, kubwa kama kabati la nguo la maharusi. Mashine hiyo watu waliiita Bibi. Vipuri vyake havikutengenezwa tena popote. Ilibidi programu zihamishiwe kwenye seva za kisasa, lakini seva hazikuijua lugha ya Bibi.

"Kwa hiyo unahitaji mkalimani," Mkurugenzi akaendelea. "Kitu cha kuichukua programu ya zamani kama ilivyoandikwa na kuigeuza iwe lugha ya seva. Hicho ndicho wanachokiita kompaila. Kampuni tatu zilileta za kwao. Ya kwanza ilivuruga desimali. Ya pili ilikuwa sahihi lakini inatambaa. Ya tatu ndiyo tuliyochagua. Yeye ndiye aliyezipima zote, Mkwe."

"Mkwe ni nani?"

"Huyo huyo mume. Huko chini wanamwita Mkwe kwa sababu alimwoa binti wa mzee anayemtunza Bibi."

"Na kompaila hiyo imeshaanza kazi?"

"Bado tunajaribu," Mkurugenzi akasema, na akanyoosha kalamu zake mezani moja baada ya nyingine. "Jumatatu tungelinganisha majibu ya seva na majibu ya Bibi, mbele ya wageni wa wizara."

Mkwe alikutwa mahabusu amekaa sakafuni, ingawa palikuwa na benchi. Alikuwa mwembamba, amevaa shati la kazini, na bado alikuwa na kitambulisho cha hospitali shingoni.

"Niandikeni tu," akasema. "Ni mimi. Niliichagua mimi."

"Kuchagua si kuua. Uliondoa tahadhari ya mkeo?"

"Ipo?" Kichwa kikainuka.

"Ipo. Ukurasa wa kwanza. Ila programu haikuiona."

Alifumba macho, midomo ikawa inacheza kama mtu anayepiga hesabu. Halafu akatikisa kichwa. "Haiwezekani. Alhamisi niliijaribu kwa namba yake hasa. Nilijua anakaribia kujifungua. Ilimwona."

"Jumamosi haikumwona. Muuguzi alimwuliza nani, Bibi au seva?"

Mkwe akashika kitambulisho chake. Nje ya mlango askari alikuwa akiburuta kiti.

"Kijana, mficha uchi hazai. Alimwuliza nani?"

"Seva," akajibu kwa sauti ya chini. "Ijumaa saa tatu asubuhi Mkurugenzi aliniita. Akasema wageni wakija Jumatatu anataka kuwaambia tumeshahama, si kwamba tunajaribu. Nikahamisha. Tangu saa hiyo majibu yote yametoka kwa seva. Bibi hasemi na mtu."

"Na baba mkwe wako anasemaje?"

"Hajui." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Afande, yule ndiye aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyenipa mke. Watu wanamtania ni mume wa Bibi, na ni kweli, tangu mama mkwe afariki hana mwenzake mwingine. Ningesimamaje mbele yake nimwambie nimemzima Bibi? Nikaziacha taa zote zinawaka na feni inazunguka, ili aendelee kukaa naye hadi Jumatatu. Nakuomba usimwambie. Ana msiba tayari."

Mpelelezi akakubali. Baadaye alijilaumu kwa ahadi hiyo, ijapokuwa haikubadilisha kitu. Yaliyokuwa ya kubadilika yalikuwa yameshapita.

Jumapili asubuhi alimkuta Mzee, baba wa marehemu, kule chini kwa Bibi. Nyumbani kulikuwa kumejaa waombolezaji, akasema, naye ameomba nusu saa ya kupumua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya Bibi, mikono magotini. Taa ndogo za kijani zilikuwa zikiwaka na kuzimika usoni mwake. Mezani palikuwa na bakuli la chakula cha mchana ambalo hakuna mtu aliyekumbuka kulitoa. Hakuwahi kupanda kula na wenzake, mfagizi alikuwa ameshamwambia mpelelezi. Miaka yote alikula na Bibi.

"Pole, Mzee."

"Tumeshapoa, binti. Kaa." Alijisogeza pembeni kumpisha, akaomba radhi kwa kukosa kiti cha pili. "Mwachie yule kijana. Hakuua mtu. Anajiua mwenyewe kwa majonzi, basi."

"Unamtetea?"

"Namjua. Tumegombana juu ya hii kompaila mpaka mwanangu akawa anatuamulia kama watoto. Lakini alimpenda mkewe. Na tena, kompaila haijagusa mgonjwa hata mmoja, bado ni majaribio. Aliyejibu ni Bibi, na Bibi hajakosea tangu nimjue. Ni muuguzi. Amebonyeza vibaya, sasa anaogopa."

Mpelelezi akanyamaza kwa ajili ya ahadi yake.

"Wewe huitaki hiyo kompaila."

"Sitaki, na sifichi. Na mimi naondoka siku Bibi akiondoka, wameshaniambia. Lakini itaumbuka yenyewe. Kesho wakilinganisha majibu wataona. Inatanguliza namba mbele ya herufi. Bibi hutanguliza herufi. Hapa chini tuna msemo, kila kijana anayekuja tunamfundisha siku ya kwanza: herufi hutangulia." Karibu atabasamu. "Mwanangu alijifunza kupanga orodha kwa mpangilio huo akiwa anakuja kunisubiri baada ya shule. Mwalimu wake alishangaa."

Kule juu mtu aliita kwamba gari la kwenda makaburini limefika. Mzee akainuka kwa kushikilia ubavu wa mashine.

"Binti. Una baba?"

"Nilikuwa naye."

"Basi nisikilize kama ulivyomsikiliza yeye. Ukimjua aliyemuua mwanangu, niambie mimi kwanza. Kabla ya Mkurugenzi, kabla ya mahakama. Nisije nikasikia barabarani."

"Nitakwambia wewe kwanza."

Aliyeiuza kompaila alifika alasiri akiwa na begi na hofu. Walimwita Bwana Tai, kwa kuwa hata siku ya mapumziko alijifunga tai. Mpelelezi alikuwa amemweka kwenye orodha ya washukiwa tangu jana: mtu anayetaka bidhaa yake ishinde anaweza kulegeza skrubu mahali ili ionekane ina kasi. Lakini alipokaa mbele ya skrini alikuwa kama mama anayeambiwa mwanawe ameiba.

"Kompaila yetu haina kosa," akasema.

"Basi nieleze kwa nini haimwoni mtu aliye ukurasa wa kwanza."

Bwana Tai akauliza namba ile, akapata jibu lile lile. Akauliza nyingine za akina mama. Zote hazikuonekana. Akauliza za wagonjwa wengine, nyingi zilionekana. Akaacha kuandika.

"Programu haisomi orodha yote," akasema polepole. "Inafungua katikati, kama unavyotafuta neno kwenye kamusi. Ikiona imelipita, inarudi nyuma. Ikiona haijalifikia, inasonga mbele. Sasa orodha hii ilipangwa na mashine ya zamani, herufi mwanzo, namba mwisho. Seva yenyewe kwa desturi yake hutanguliza namba. Ikimtafuta mama mwenye herufi, inafungua katikati inakuta namba, inajiambia herufi ziko mbele zaidi. Inakwenda hadi mwisho wa orodha. Hayupo."

"Na yuko mwanzo."

"Yuko mwanzo. Lakini hili tunalijua, afande. Kila anayehamisha programu za zamani analijua. Kwenye amri ya kutafsiri unaongeza neno moja tu, la kuiambia kompaila ishike mpangilio wa kale. Mkwe alituchagua sisi kwa ajili ya neno hilo. Alhamisi tulijaribu mbele ya kila mtu, herufi zilitangulia."

"Nioneshe neno hilo lilipo."

Bwana Tai akafungua amri, akasoma mstari, akausoma tena kwa kidole. Neno halikuwepo. Programu ilikuwa imetafsiriwa upya bila neno hilo, Ijumaa saa saba na nusu mchana, kwenye kompyuta ya Mkwe.

"Saa hiyo Mkwe alikuwa wapi?"

"Na mimi. Tulikuwa juu tunakula na Mkurugenzi, kujipongeza. Tulikaa tangu saa saba mpaka karibu saa tisa. Uliza wahudumu."

Aliwauliza. Ilikuwa kweli.

"Mpaka sasa hivi," mpelelezi akasema aliporudi kwa Bwana Tai, "nani alijua kwamba kompaila hii inatanguliza namba?"

"Hakuna. Alhamisi ilitanguliza herufi, wote waliona hivyo. Mimi nimejua sasa. Na wewe."

"Na aliyelitoa neno."

"Na yeye, ndiyo."

Mpelelezi alitoka akakaa kwenye ngazi za nyuma, mahali wafagizi wanapoanika matambara. Inatanguliza namba mbele ya herufi. Mzee alilisema kwa uhakika wa mtu anayetaja jina la mtaa wake, asubuhi hiyo, saa chache kabla ya kumzika mwanawe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini pale kinachokula hakijui kwamba kinakula. Alilia, na hakujificha.

Alifikiria kunyamaza. Kijana alikuwa ameshakiri. Mkuu wa kituo angefurahi kufunga jalada. Mzee angebaki na kaburi moja na moyo wake mzima, ila mtoto angekua baba yake akiwa gerezani kwa kosa la kuchagua vizuri. Alilipima hivi na vile, na kila upande ulikuwa na mtu wa kuvunjwa. Na kulikuwa na ahadi.

Jumatatu asubuhi alitoa amri kijana aachiwe, kisha yeye akatangulia nyumbani kwa Mzee. Waombolezaji walikuwa wamepungua. Shangazi wa marehemu alikuwa jikoni akichemsha chupa za mtoto. Mzee alikuwa sebuleni, mjukuu mikononi, amevikwa fulana kubwa kuliko yeye.

"Umekuja mapema," Mzee akasema. "Umemjua."

"Nimemjua. Mzee, Ijumaa saa saba na nusu mchana ulikaa kwenye kiti cha mkweo."

Hakushtuka. Alionekana kuona haya tu, kama mtu mzima aliyekutwa anadokoa sukari. "Nilikaa. Nilitoa neno moja, nikatafsiri upya. Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe, jana. Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Leo hii wangelinganisha majibu. Nilitaka wakute tofauti, waseme kompaila haifai, waanze upya kutafuta. Mwaka mmoja, binti, sikutaka zaidi. Mimi na Bibi tumebakiwa na mwaka mmoja au miwili, wangetuachia tumalize pamoja. Ni kosa, niandikie. Lakini yale yalikuwa majaribio. Yana uhusiano gani na mwanangu?"

"Hayakuwa majaribio."

"Yalikuwa majaribio."

"Mkurugenzi aliamuru wahame Ijumaa saa tatu asubuhi. Bibi alizimwa. Programu uliyoigusa mchana ndiyo iliyokuwa kazini."

"Taa zilikuwa zinawaka."

"Mkweo aliziacha kwa ajili yako. Aliona haya kukwambia."

Mzee akamtazama, halafu akatazama ukuta. Mkono wake wa kulia ukatoka polepole chini ya mtoto, kidole kikanyooka hewani. Mpelelezi alielewa anachofanya na alitamani amzuie. Mzee alikuwa akitafuta, kama programu inavyotafuta.

"Inafungua katikati," akasema. "Inakuta namba. Yeye anaanza na herufi. Inakwenda mbele." Kidole kikasogea. "Katikati tena. Namba. Mbele." Kikasogea tena. "Namba. Mbele. Namba. Mwisho." Kidole kikabaki hewani. "Yuko ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo."

"Herufi hutangulia. Nilimfundisha mwenyewe." Akashusha kidole. "Muuguzi nimemsingizia mbele yako. Mchukue mtoto, binti. Siiamini mikono yangu."

Mpelelezi akampokea mtoto. Mzee alikaa ameinamisha kichwa, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya kawaida, ndiyo iliyotisha. "Wanasema majuto ni mjukuu. Nilidhani ni maneno ya kuwatishia watoto." Halafu akauliza, "Yule kijana anajua?"

"Bado. Uliniambia nianze na wewe."

"Vizuri. Nitamwambia mimi."

Gari likasimama nje. Mkwe aliingia akiwa na shati lile lile na kitambulisho shingoni, akavua viatu mlangoni. Hakumtazama mpelelezi. Alikwenda moja kwa moja akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake, paji la uso karibu liguse sakafu.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nilimzima Bibi tangu Ijumaa, nikakuficha. Ningekwambia ungekuja kuikagua kazi yangu, ungeliona kosa mapema, mke wangu angekuwa hai. Nimekuulia mwanao kwa kuona haya. Nisamehe, baba."

Jikoni chupa ziligongana kwenye sufuria. Mzee alimwinua kijana kwa mabega, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akageuka akamchukua mtoto kutoka kwa mpelelezi na kumweka mapajani mwa baba yake.

"Mshike kwanza," akasema. "Mshike kwa mikono yote miwili. Nitakapokuwa nazungumza, usimwachie."

Kisha akapiga magoti yeye, pale pale alipotoka kijana, akaanza kumwambia.